Mawe ya Neema

Jumamosi iliyopita nilitoa jiwe la kwanza. Maman Espérance alinishikia ndoo, nami nikakunja mkono wa blauzi hadi begani, nikautumbukiza kwenye tangi la samaki lililo sebuleni kwake, Auderghem, na maji ya chumvi yakanipita kiwiko, ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Jiwe lilikuwa limeota mwani wa kijani, mrefu, kama nywele zilizokosa kitana. Mume wake, Tonton Balthazar, tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla, na kwa miezi yote aliyolala hospitalini hakuna aliyeligusa tangi lake zaidi ya kuwatupia samaki chakula, kwa hiyo mwani ulijitawalia. Maman alikuwa amenipigia simu katikati ya juma. "Riziki, weye njo infirmière, mikono yako iko propre. Kuya unisaidie mawe ya papa." Papa ndivyo alivyomwita mumewe. Alipokata, nilibaki nimekaa pembeni mwa kitanda na simu mkononi. Wauguzi wa Kikongo wenye mikono safi tulioko Brussels ni wengi, Mungu anatujua, na kwa habari ya mawe ananiita mimi.

Nilikozaliwa na walionizaa nitawaacha, hii si hadithi yao. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Bukavu na sanduku moja, nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, na mchungaji mmoja wa kwetu alinitafutia watu wa kukaa nao mwaka wa kwanza. Hawakuwa ndugu zangu. Walikuwa waumini wa kanisa lake, na mwezi wa sita walikuwa wamefiwa na binti yao wa pekee. Aliitwa Neema. Alikuwa na miaka ishirini, na moyo wake ulisimama akiwa anapanda ngazi za metro na begi la masomo mgongoni. Mimi nilifika mwezi wa tisa, nikapewa chumba chake.

Sijui aliyetoa wazo hilo alilifikiria mara ngapi. Mashuka yalikuwa mapya, lakini godoro lilikuwa na bonde, na bonde hilo lilikuwa la mtu mrefu kuliko mimi. Kila nilipolala pembeni, alfajiri ilinikuta ndani yake. Madaftari yake yalikuwa bado mezani, yamepangwa, na kitana chake kilikuwa dirishani na nywele tatu au nne ambazo sikuthubutu kuzitoa. Baridi ilipoanza, Maman Espérance alinivalisha koti la Neema bila kuniuliza, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, kisha akageuka haraka akaenda jikoni. Mfukoni nilikuta tiketi ya tramu na peremende iliyogandamana na karatasi yake. Siku ya pili, jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja wa Kibelgiji, aliniona kwa nyuma nikiingia kwenye lifti, akashika ukuta. Nilimwomba radhi. Hata leo najiuliza nilikuwa namwomba radhi ya nini, lakini mwaka ule nilikuwa mtu wa kuomba radhi kwa kupumua.

Tonton Balthazar alikuwa fundi wa lifti na mtu wa maneno machache. Siku niliyofika alinitembeza ndani ya nyumba, kutoka jokofu hadi bafu, kama anayemkabidhi mwenzake mtambo. "Apa ni frigo. Apa ni douche, maji ya moto inakawiaka. Apa ni ya Neema." Hapo pa Neema palikuwa juu ya kabati fupi, kati ya sebule na jikoni, tangi la kioo linalowaka taa ya buluu. "Ni quarante litres tu," alisema, kana kwamba nimelalamika kuwa lita arobaini ni nyingi. Ndani mlikuwa na mawe sita na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Neema alimwita Député, yaani mbunge, kwa sababu alisimama mahali pamoja siku nzima anafungua kinywa na hakuna neno lililotoka. Juu ya kioo kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, maandishi makubwa ya kalamu nyeusi: MOJA MOJA. Nikauliza maana yake.

"Mawe iko na uzima," Tonton alisema. "Ndani mule kuko vidudu vidogo sana, vile njo vinasafishaka maji. Majani ikiota mingi, unabadilisha jiwe. Lakini moja moja. Ukitoa yote mara moja, samaki anakufa. Neema alibadilisha ya kwanza. Alikuwa angoje mwezi moja, abadilishe ingine." Akatazama lile jiwe moja jeupe kati ya matano ya kijani. "Bon. Mwezi ilipita."

Samaki, Tonton alimlisha, maji aliyapima na kuyaongeza, lakini mawe hakuyagusa. Ilikuwa kazi ya Neema na Neema hakuwa ameimaliza. Wiki kwa wiki ule mwani ulipanda, ukafika kwenye lile jiwe jeupe pia, ukaanza kushika kioo, mpaka Député akawa anaonekana kama mtu anayechungulia kwenye shamba la mihogo.

Tulikula pamoja, sisi watatu, kwenye meza ya viti vinne. Maman alipika bugali, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo, na mwisho wa juma sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao wanakuja Matonge, mtaa wetu Waafrika mjini Brussels, wamekauka ndani ya mifuko na harufu yao inamfikia mtu kabla hajashuka metro Porte de Namur. Siku ya sambaza Maman alichukua kitambaa cha jikoni, akafunika tangi kabla ya kuweka sahani mezani. Neema ndiye aliyeanzisha: Député asione ndugu zake wanaliwa. Ulikuwa mzaha wa mtoto, na sasa mama yake aliufanya bila kucheka, kitambaa akikivuta pande zote nne mpaka kikae sawa. Tukimaliza kula, Tonton alizima televisheni, akaweka mikono miwili mezani, akanitazama. "Bon, mutoto. Leta habari." Ilikuwa zamani desturi yake na Neema. Nililazimika kuleta habari: mwalimu wa anatomia, tramu iliyochelewa, theluji. Habari ndogo hakuzikataa. Nikimaliza aliuliza, "Ingine?" Nikisema hakuna, alisema "Bon," kama mtu asemaye haya basi, akawasha televisheni.

Kuta za fleti ile ni nyembamba, na mimi masikio yangu hayajawahi kuwa na adabu. Alasiri moja nilirudi mapema, nikawa navua viatu koridoni, nikawasikia jikoni.

"Unamusikiaka?" Maman aliuliza.

"Ni pompe ya aquarium," Tonton akajibu, akimaanisha pampu ya tangi.

"Pompe ifunguake frigo?"

"Ni Riziki."

"Riziki iko ku masomo." Nikasikia kijiko kinazunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. "Balthazar, kama Neema iko anakuya, anioneshe alama moja. Moja tu. Nitamuacha alale."

Nilivaa viatu tena, nikatoka nje, nikazunguka mtaa mzima ndani ya koti la Neema, nikarudi nikipiga kelele za funguo.

Mwezi wa kumi na moja wamama wa kanisa walikuja kuondoa matanga. Kwetu matanga hayaishi kwa maombi peke yake, yanaisha kwa maji. Chochote alichogusa marehemu kinaoshwa: nguo, mapazia, vikombe, sakafu, na wafiwa wenyewe wananyolewa au wanaoshwa vichwa, ndipo wanarudishwa kati ya watu. Maman na Tonton walichukuliwa asubuhi kwenda kanisani, na nyumba ikabaki mikononi mwa wamama saba na mimi. Kiongozi wao alikuwa Maman Jolie, muuza vitenge wa Matonge, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha umeme uwake. Walifua, walisugua, waliimba, madirisha yote wazi na baridi inaingia. Kisha Maman Jolie akasimama sebuleni mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Na hii? Majani ya mufu inaota ndani ya salon, munaachia nani?"

"Tonton alisema mawe inatolewa moja moja," nikasema.

"Tonton ni mwanaume. Mwanaume anajua kuosha nini?"

Wakacheka, nami nikacheka. Wakaenda chumbani kutungika mapazia, wakaniacha jikoni.

Ningeweza kusema nilimtii mkubwa, na wengi wangenisamehe. Ukweli ni kwamba nilitaka. Nilitaka waseme huyu mtoto wa Bukavu anajua kazi. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine baya zaidi: nilikuwa nimechoka naye. Nilichoka kulala ndani ya bonde lake, kujibu "leta habari" yake, kutazamwa na samaki wake. Nilitaka Neema amalize kuondoka, na niliona mawe yale ya kijani ndiyo mahali aliposhikilia. Nikamteka Député kwa bakuli la saladi pamoja na maji yake. Nikatoa mawe yote sita, nikayaweka kwenye sinki, nikayamwagia maji yanayochemka, kisha nikachukua chupa ya javel, ile dawa kali tuliyong'arishia mashuka meupe, nikamimina bila kupima, nikasugua kwa brashi ya sufuria. Yalitoka meupe, yananukia usafi wa hospitali. Niliyasuuza mara tatu, nikayarudisha, nikamrudisha na samaki. Ile karatasi ilikuwa imelowa ikabanduka. Niliibandika upya, tena niliinyoosha vizuri: MOJA MOJA.

Waliporudi, vichwa vimenyolewa, wamama walipiga vigelegele. Maman Espérance alizunguka nyumba yake akigusa vitu kwa ncha ya vidole. Tonton alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama muda mrefu.

"Umeosha na nini?"

"Na maji tu, tonton."

"Maji tu."

"Ndiyo."

"Iko safi," alisema, akaenda kukaa na wageni.

Siku iliyofuata Député alikuwa juu kabisa, kinywa nje ya maji, na safari hii alionekana kweli kuwa na la kusema. Siku ya tatu asubuhi Maman alimkuta amelala ubavu kati ya mawe meupe. Nilisikia sauti yake nikiwa kitandani, nikajua kabla sijavaa ndara. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, kiganja kifuani. "Amekuya," alisema. Alimpigia Maman Jolie, na kabla ya saa sita wamama wanne walikuwa sebuleni wanakunywa chai na kuthibitisha. Tulimwosha Neema, akaja kuchukua kitu chake. Sasa amepumzika. Maman Espérance alikula saa ile vipande viwili vya mkate na siagi, mbele ya macho yetu, mwanamke ambaye tangu nifike nilikuwa namwona akisukuma chakula pembeni mwa sahani. Mchana alilala. Kuanzia wiki ile sikumsikia tena akitembea koridoni usiku, kama alivyozoea.

Basi niambie, ningesemaje? Alama aliyoiomba ameipata, na ilitoka kwenye chupa yangu ya javel. Nikisema, namnyang'anya mama mtoto wake mara ya pili. Nisiposema, nakila chakula cha Tonton na uongo wangu uko katikati ya meza pamoja na chumvi. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Maman. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo mto mzuri wa kulalia. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kufukuzwa.

Juma lile lile Tonton aliyatoa yale mawe yote, akayafunga kwenye mfuko. "Tuende, mutoto." Tulivuka mji hadi Ganshoren, kwenye duka dogo la mzee mmoja wa Kiflemi aliyeuza samaki wa maji ya chumvi. Tonton alinituma nikaangalie matangi ya nyuma. Nilisimama mbele ya samaki wa njano wasionihusu, nikatega sikio, lakini pampu zilikuwa nyingi. Niliona tu yule mzee amelishika jiwe moja, amelisogeza puani, kisha akanitazama mara moja juu ya miwani. Tonton alilipia jiwe moja jipya, lililofungwa kwenye gazeti bichi, akalipakata kwenye tramu kwa mikono miwili. Njia nzima hakusema lolote, nami nikashukuru. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mtu mwenye hatia hupenda kimya hata akijua kina nini ndani.

Alianza upya, jiwe moja kila mwezi, kama Neema alivyotaka. Kila mara aliniita nishike ndoo. Alikuwa ananawa mikono, anaikausha kidole kwa kidole, anakaa kwenye meza ya viti vinne. "Bon, mutoto. Leta habari." Nilileta mtihani. Nilileta barua ya nyumbani. "Ingine?" "Hakuna, tonton." "Bon." Jiwe la tano, jiwe la sita. Mwezi wa sita nilihama, nikapata chumba changu karibu na shule, na koti nikamrudishia Maman, nikasahau kutoa peremende mfukoni. Hiyo ndiyo habari yote ya mwaka ule. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika mahali ambapo katika kazi yangu yote ya uuguzi sijaona plasta yake.

Sikuacha kwenda kwao. Niliwapelekea mchumba, nikawapelekea watoto wakabatizwa mikononi mwa Tonton, nywele zangu zikageuka nyeupe, binti yangu ananishauri nizipake rangi. Miaka ishirini na mitano ya Jumapili, si kila Jumapili, lakini nyingi. Tangi liliendelea pale pale, samaki walibadilika, karatasi ilififia ikawa ya kahawia. Kila mara, baada ya kula, televisheni inazimwa. "Leta habari." Na mwisho, "Ingine?" Nilidhani ni mazoea ya mzee. Hospitalini mara ya mwisho, mrija wa oksijeni uko puani, aliuliza tena. Nilimrekebishia mto. Nikasema hakuna, tonton. Alifumba macho, akasema "Bon." Nimewafumba macho wagonjwa wengi, na sijawahi kuondoka kwenye kitanda cha mtu kwa haraka kama siku ile. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja na ndevu.

Kwa hiyo Jumamosi, jiwe la zamani likiwa ndooni na jipya likiwa limekaa mahali pake, nilinawa, nikakausha mikono kidole kwa kidole, nikakaa mezani. Kiti cha Tonton kilikuwa kinanitazama. Maman Espérance alikuwa ananitengea sahani. Nilimwambia, "Maman, niko na habari." Akaweka sahani chini, akakaa. Nikamwambia yote: maji yanayochemka, javel, brashi, "maji tu, tonton." Nilimwambia hata lile la kutaka Neema amalize kuondoka, ingawa hakuna aliyeniuliza. Ana miaka themanini sasa, na alinisikiliza akiwa amenishika kidole kimoja, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

"Nilijua," alisema.

Nilifikiri hakunielewa.

"Ile siku samaki alikufa, mangaribi, papa alitoa jiwe moja, akaniwekea chini ya pua. Javel. Tulinusa wote wabili. Alisema, tumungoje mutoto, ataleta mwenyewe." Alitazama tangi, maji yalikuwa bado na vumbi lililotibuliwa na mkono wangu. "Bamama walikuwa wamesema Neema amekuya. Mi nilijua Neema akukuya, ni javel tu. Lakini nilikuwa nataka akuye, Riziki. Nikaachia tu waseme. Nikakula, nikalala. Muntu anaweza kujua kitu na alale juu yake."

"Na tonton?"

"Yeye alikuwa anakungoja. Kila dimanche, siku ya kanisa. Ukienda, anafunga mulango, ananiambia: bado." Aliniachia kidole, akafuta meza kwa kiganja, mahali pasipo na uchafu. "Na mi kila dimanche nilikuwa ku cuisine, mbele ya sufuria, naomba Mungu usilete. Kama ungesema kwa kinywa yako mbele yake, ingekuwa kweli, na Neema angekuwa akukuya ata siku moja. Vingt-cinq ans, miaka yote hii, mutoto. Yeye anangoja, mi naomba." Akanitazama. "Mungu alisikia mimi."

Kisha akainuka, akachukua kitambaa cha jikoni, akafunika tangi, akakivuta pande zote nne. Sambaza walikuwa tayari kwenye sufuria.